Oili Inavuja kwenye Injini ya Gari la Zamani: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo na Kutengeneza Nyumbani

Doa jeusi kwenye sakafu ya maegesho linakuambia kwamba oili inatoka. Halikuambii inatokea wapi. Oili ikishapenya sehemu ya juu ya injini hufuata ukingo wa silinda hedi, hushuka kwenye bloku, hupita nyuma ya alteneta, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma nyuma hadi kwenye sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) na giaboksi. Hapo ndipo inapodondoka. Mwenye gari analala chini, anaona sampu imelowa, anaamini sampu ndiyo mbovu, analipia kuifungua na kuipaka silikoni, na wiki inayofuata doa liko palepale.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kutafuta, si kufungua. Ukishajua kwa uhakika oili inatoka wapi, mara nyingi kazi yenyewe ni ya saa mbili tatu, na raba inayotakiwa ni ya bei ndogo.

Nazungumzia hasa Toyota ndogo zilizokuja zimetumika kutoka Japani, kwa kuwa ndizo zimejaa barabarani kwetu: Corolla AE110 yenye injini ya 5A-FE, Starlet EP91 yenye 4E-FE, na kundi la 1NZ-FE ambalo linabeba Corolla NZE121, IST NCP61 na Probox NCP51. Njia ya kutafuta ni ileile hata kama gari lako ni Nissan au Mazda. Kinachobadilika ni mahali vitu vilipo na vipimo vya kukazia.

Kwanza hakikisha ni oili ya injini

Tandika boksi la karatasi lililokunjuliwa chini ya injini usiku, kisha chora juu yake alama ya tairi za mbele zilipo. Asubuhi utaona matone na utajua yameangukia upande gani. Oili ya injini ni ya hudhurungi au nyeusi na huteleza vidoleni. Ikiwa nyekundu au ya waridi na ni laini, huenda ni oili ya giaboksi otomatiki au ya pawa stelingi. Ikiwa kama maji yenye rangi ya kijani au nyekundu, yasiyoteleza sana, ni maji ya rejeta. Iliyo nyepesi, karibu haina rangi, ikaonekana karibu na tairi au chini ya pedali, inaweza kuwa ya breki. Hiyo ya mwisho usiipeleke kesho: gari lisiondoke mpaka breki ziangaliwe.

Tofautisha pia kuvuja na kula oili. Kama kipimo kwenye stiki kinashuka lakini chini pakavu na injini haina unyevu popote, huenda oili inaungua ndani. Dalili yake ni moshi wa bluu ekzosini, hasa unapowasha asubuhi au unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima. Gasketi mpya haitasaidia chochote hapo.

Pima kiwango cha oili kila siku mpaka umalize tatizo. Gari likiwa sehemu tambarare, injini imezimwa kwa dakika tano au zaidi, chomoa stiki, ifute, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena na usome. Kwenye injini ndogo nyingi, pengo kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita moja, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo. Usipitishe alama ya juu ukidhani unajiwekea akiba. Oili iliyozidi hupigwapigwa na krenki (shafti kuu inayozunguka chini ndani ya injini), hutoa povu, na huongeza uvujaji uleule unaojaribu kuuzuia.

Kuna mambo mawili yanayokulazimu kusimama mara moja. La kwanza ni taa nyekundu ya oili kuwaka injini ikiwa inaunguruma. Zima papo hapo. Usiseme utafika nyumbani kwanza, kwa sababu beringi za krenki hufa kwa muda mfupi sana bila presha ya oili. La pili ni oili kudondokea ekzosi. Kwenye 5A-FE ekzosi iko mbele, upande wa rejeta, kwa hiyo utaona moshi ukipanda ukifungua boneti. Kwenye 1NZ-FE ekzosi iko nyuma, upande wa ukuta unaotenganisha injini na dashibodi, na harufu ya oili iliyoungua huingia ndani ya gari kupitia matundu ya hewa. Wengi huizoea harufu hiyo. Usiizoee: hivyo ndivyo magari yanavyoshika moto.

Vifaa vya kuandaa

Kwa kazi za juu ya injini huhitaji mengi: boksi spana za 10, 12 na 14 pamoja na racheti na ekstensheni yake, boksi la plagi, koleo la klipu za mipira, bisibisi, tochi nzuri na kioo kidogo cha mkononi cha kuangalia nyuma ya injini. Ongeza matambara safi yasiyotoa nyuzi, glavu, brashi ya meno ya zamani, na kikwaruo cha plastiki. Hata kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa kukwarua gasketi kwenye aluminiamu bila kuikwangua.

Kifaa kimoja nakisisitiza, hata kama utakiazima: toki renchi ndogo, yaani spana inayopima nguvu ya kukazia, inayoweza kupima kuanzia Nm 5 (Nm ni nyutoni-mita). Boliti za juu ya injini zinaingia kwenye aluminiamu na zinahitaji nguvu ndogo kuliko mkono wa mtu mzima unavyodhani. Uzi ukishaharibika kwenye silinda hedi, kazi ya asubuhi moja inageuka kazi ya karakana ya kuchonga vyuma.

Ukihitaji kuingia chini, tumia jeki kuinua na stendi za chuma kushikilia. Matofali hupasuka na jeki hushuka. Weka kigingi kwenye tairi za nyuma, vuta hendibreki, na litikise gari kwa mkono kabla hujaingiza kichwa.

Osha, kausha, kisha tafuta

Injini ikiwa imepoa, funika alteneta, fyuzi boksi, koili au distributa (kifaa kinachogawa umeme wa plagi) na mdomo wa hewa kwa mifuko ya plastiki. Paka dawa ya kuosha injini, au sabuni ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, sehemu zote zenye uchafu wa oili. Sugua kwa brashi. Suuza kwa maji ya kawaida kutoka kwenye ndoo au mpira wa bustani. Sishauri mashine ya presha ya sehemu za kuoshea magari kwenye injini ya zamani, kwa kuwa inasukuma maji ndani ya soketi za umeme ambazo raba zake zimeshakakamaa. Petroli usiitumie kabisa kuoshea injini, hata kama umewaona mafundi wakifanya hivyo. Mvuke wake na cheche moja vinatosha kuleta msiba.

Acha ikauke vizuri, kisha washa gari na uliendeshe kilomita kumi hivi, lipate moto kamili. Rudi, zima, na anza kuangalia kwa tochi ukianzia juu. Hapa ndipo penye kanuni ya kazi nzima: chanzo ni sehemu ya juu kabisa iliyolowa, na mbele zaidi ukizingatia upepo unakotoka. Kila kilicho chini yake au nyuma yake kinaweza kuwa kimelowanishwa tu.

Kama uvujaji ni mdogo na hauonekani, nyunyiza poda ya mtoto kwenye maungio unayoyashuku baada ya kuosha na kukausha. Washa injini kwa dakika chache. Oili mbichi itachora mstari mweusi kwenye weupe wa poda na utauona unapoanzia. Ipo pia rangi maalumu ya kuchanganya na oili ambayo hung'aa chini ya taa ya bluu. Ni nzuri kwa uvujaji unaosumbua, ingawa kwa sehemu za juu poda inatosha.

Usifungue vitu vitatu kwa siku moja. Tengeneza cha juu kwanza, osha tena, endesha siku kadhaa, kisha angalia. Mara nyingi "uvujaji wa sampu" na "uvujaji wa sili" (raba za mviringo zinazozunguka shafti) hupotea pamoja na ule wa juu.

Kabla ya raba yoyote, angalia injini inavyopumua

Hiki ndicho kipengele kinachorukwa kuliko vyote, na ndicho kinachofanya gasketi mpya ianze kuvuja tena baada ya miezi michache.

Ndani ya injini, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kuingia kwenye sampu. Gesi hizo lazima zitoke. Kazi hiyo inafanywa na valvu ya PCV, kidubwasha kidogo chenye springi ndani, ambacho kiko kwenye tapeti kava (kifuniko kilicho juu ya silinda hedi) na kina mpira unaokwenda kwenye menifoldi ya hewa. Valvu ikiziba kwa masizi, au mpira wake ukibonyea, presha hujikusanya ndani ya injini na kusukuma oili nje kupitia raba yoyote iliyo dhaifu. Gasketi inalaumiwa, kumbe inasukumwa.

Ipime hivi. Injini ikiwa imetulia kwenye sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, legeza kifuniko cha kujazia oili na uweke karatasi nyepesi juu ya tundu. Karatasi ikivutwa kidogo chini au ikakaa, ni vizuri. Ikisukumwa juu kwa mapigo yasiyokoma, kuna presha. Zima injini, chomoa valvu. Kwenye 5A-FE imechomekwa kwenye raba na hutoka kwa kuvutwa. Kwenye 1NZ-FE imefungwa kwa uzi na hufunguliwa kwa spana. Itikise: lazima isikike ikilia ndani. Unganisha kipande cha mpira safi na upulize kutoka upande unaoingia injini. Hewa ipite kwa urahisi. Puliza kutoka upande wa menifoldi. Hewa ipite kwa shida sana. Puliza tu, usifyonze, maana ndani yake kuna mvuke wenye sumu.

Ikiwa imeziba, unaweza kuiosha kwa dawa ya kabureta, lakini bei ya mpya ni ndogo kiasi kwamba naona ni heri kubadilisha. Badilisha na raba yake, na mpira wake kama umepasuka au umelainika kwa oili.

Kama PCV ni nzima na bado karatasi inarushwa, ringi za pistoni zimechoka. Pima kompresheni kwa fundi kabla ya kutumia pesa kwenye gasketi.

Ukiwa hapohapo, kagua raba ya kifuniko cha kujazia oili na oringi iliyo chini ya bomba la stiki. Zote huvuja, na ni rahisi kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii.

Gasketi ya tapeti kava

Hapa ndipo uvujaji mwingi wa magari ya zamani unapoanzia, na ndiyo kazi bora ya kujifunzia nyumbani. Raba ya gasketi hupikwa na joto kwa miaka mpaka inakuwa ngumu, ukiikunja inakatika kama tambi mbichi. Haibani tena, hata ukikaza vipi. Kukaza zaidi ndiyo njia ya haraka ya kukata boliti: kwenye injini nyingi boliti hizi zina bega linalogota chini, kwa hiyo nguvu ya ziada haiongezi mbano kwenye raba, inaumiza uzi tu.

Dalili ni ukingo wa kava kulowa, oili kuteremka ubavuni mwa silinda hedi, au oili kujaa kwenye mashimo ya plagi. Ikijaa humo, gari huanza kukosa moto kwenye silinda moja, hutetemeka, na fundi asiyetazama hubadilisha koili nzima bure.

Nunua gasketi kwa kutumia namba ya fremu, si kwa jina la gari tu. Bamba lililo chini ya boneti, kwenye ukuta wa nyuma ya injini, linaonyesha fremu na aina ya injini. Ukifika Gerezani pale Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, mtaje muuzaji namba hiyo, kisha ikunje gasketi mkononi. Nzuri ni laini, inarudi umbo lake, haina harufu kali ya raba chafu. Uliza kama raba za mashimo ya plagi zimeungana nayo au zinauzwa peke yake kwa injini yako, na chukua pia washa za raba zinazokaa chini ya nati za kava. Washa hizo zikiwa ngumu, oili hupita kwenye nati hata kama gasketi ni mpya.

Sasa kazi yenyewe. Injini iwe baridi kabisa. Ondoa waya wa negativu wa betri. Toa kifuniko cha plastiki cha juu kama kipo. Piga picha kwa simu, kutoka pembe kadhaa, jinsi nyaya na mipira ilivyokaa. Kwenye 1NZ-FE chomoa soketi za koili, fungua boliti ya 10 ya kila koili, na uzitoe kwa kuzizungusha kidogo huku unavuta. Kwenye 5A-FE chomoa nyaya za plagi ukishika kofia yake, si waya, na uziandike namba.

Kama kuna oili kwenye shimo la plagi, ifyonze kwa tambara lililofungwa kwenye bisibisi au kwa sirinji yenye mpira kabla ya kugusa plagi. Ukifungua plagi kwanza, oili na mchanga vyote vinaingia kwenye silinda.

Chomoa mpira wa PCV na ule mwingine wa kupumulia. Safisha kabisa ukingo wa kava kwa brashi na tambara, maana uchafu wote uliopo nje utaanguka ndani mara ukifungua. Legeza boliti na nati kidogo kidogo ukianzia za pembeni kuelekea katikati, kisha zitoe zote. Kava likigoma, ligonge ubavuni kwa nyundo ya raba au kipande cha mbao. Usiingize bisibisi katikati ya kava na hedi ukaibinua: mkwaruzo mmoja kwenye aluminiamu unakuwa mfereji wa kudumu wa oili.

Kava likishatoka, funika kemshafti (shafti za juu zinazofungua valvu) kwa tambara safi, na zaidi ya yote ziba uwazi wa upande wa cheni inayoziendesha kwenye 1NZ-FE. Washa au boliti ikidondokea humo, safari ya kuitafuta inaishia kwenye sampu.

Vuta gasketi ya zamani, safisha mfereji wake wote, pembe kwa pembe. Kwarua mabaki ya silikoni ya zamani kwenye hedi kwa plastiki. Mwisho futa nyuso zote mbili kwa tambara lenye brekiklina mpaka zisiwe na utelezi. Hatua hii inachosha, na ndiyo inayoamua kama gasketi itadumu. Kagua kava lenyewe kama lina ufa au limepinda, hasa ukijua kuwa injini iliwahi kuchemsha.

Gasketi mpya hukaa kwenye mfereji ikiwa kavu. Silikoni haipakwi kuzunguka gasketi yote. Inawekwa sehemu chache tu, tone dogo dogo: pale vipande viwili vya chuma vinapokutana chini ya gasketi, kama kava la cheni linapoungana na silinda hedi kwenye 1NZ-FE, na kwenye pembe za beringi ya kemshafti au vizibo vya nusu mwezi kwenye injini za mkanda, yaani zinazoendesha kemshafti kwa mkanda badala ya cheni. Silikoni iliyozidi hujipenyeza ndani, hukatika vipande, na huenda kuziba chujio la pampu ya oili. Nimeona tapeti kava nyingi zilizojengewa ukuta wa silikoni nyekundu pande zote, na zote zilikuwa zinavuja.

Rudisha kava ndani ya dakika chache kabla silikoni haijaanza kukauka, ukilishusha wima ili gasketi isitoke kwenye mfereji. Shika boliti zote kwa vidole kwanza. Kisha kaza kwa mizunguko miwili au mitatu, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kwa 1NZ-FE kipimo cha mwisho ni Nm 10. Injini za zamani zenye nati chache za katikati juu ya kava huchukua pungufu ya hapo, kwa hiyo tafuta kipimo cha injini yako na usikisie. Rudisha kila kitu kwa kufuata picha zako, na subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu ya silikoni kabla ya kuwasha. Saa mbili ni kiwango cha chini. Mimi huacha usiku mzima.

Vingine vya juu vinavyofanana na uvujaji wa chini

Kwenye 5A-FE, na kwenye 4E-FE zenye distributa, kagua distributa kabla hujakubali kuambiwa kuwa sili ya nyuma ya krenki imekufa. Distributa imekaa mwisho wa silinda hedi, juu ya giaboksi. Oringi yake ikikauka, oili hushuka moja kwa moja kwenye maungio ya injini na giaboksi, mahali palepale ambapo sili ya nyuma ingedondoshea. Kubadilisha oringi ni kazi ndogo. Kushusha giaboksi ni kazi ya siku nzima. Weka alama kwa msumari au kalamu ya rangi kuonyesha distributa ilivyokaa dhidi ya hedi na rota inavyoelekea, fungua boliti zake, ivute, badilisha oringi, paka oringi mpya oili kidogo, na irudishe kwenye alama zilezile. Usizungushe injini ikiwa imetoka. Kama umekuta oili ndani ya kofia ya distributa, sili ya shafti yake ya ndani ndiyo imekwisha, na oringi ya nje haitaondoa hilo.

Kwenye 1NZ-FE angalia valvu ya VVT-i (mfumo unaorekebisha wakati wa kufunguka kwa valvu), ile yenye soketi ya umeme kwenye silinda hedi upande wa cheni. Imeshikwa na boliti moja ya 10 na ina oringi. Safisha kuizunguka, itoe kwa kuizungusha taratibu, badilisha oringi, irudishe. Boliti yake ni ndogo, Nm 7.5 tu.

Swichi ya presha ya oili nayo huvuja, mara nyingi kupitia plastiki yake, na utakuta soketi ya waya wake mmoja imejaa oili. Mahali pake hutofautiana kutoka injini moja hadi nyingine. Kwenye Toyota hufunguliwa kwa boksi refu la 24. Uzi wake ni wa kupungua kadiri unavyoingia, kwa hiyo ukikaza kupita kiasi unapasua bloku. Karibu Nm 15 inatosha, ukiwa umepaka dawa ya uzi kidogo bila kugusa mizunguko ya kwanza ya mbele.

Filta na nati ya sampu

Kama uvujaji umeanza mara baada ya kubadilisha oili, huna haja ya kutafuta mbali. Raba ya filta ya zamani huweza kubaki imeganda kwenye bloku, na filta mpya ikafungwa juu yake. Raba mbili zikikutana hushikilia kwa muda, kisha hutoka ghafla na oili yote inamwagika barabarani. Kila unapotoa filta, hakikisha kwa macho kuwa raba yake imetoka nayo. Filta mpya ipake oili kwenye raba, ifunge mpaka iguse, kisha izungushe robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Spana ni ya kufungulia tu.

Nati ya kumwagia oili kwenye sampu ya 1NZ-FE hukazwa kwa Nm 37 hivi. Washa yake hubadilishwa kila mara. Uzi ukiwa umeliwa na miaka ya kukazwa kwa bomba refu, usizungushie tepu ya fundi bomba. Badilisha nati, au mpe fundi aweke uzi mpya kwenye sampu.

Mahali pa kumwachia fundi

Sili ya mbele ya krenki inaweza kubadilishwa bila kufungua kava la cheni kwenye 1NZ-FE, lakini boliti ya puli hukazwa kwa Nm 128 na kuifungua chini ya gari bila kifaa cha kushikilia puli ni kazi ya hatari. Kwenye injini za mkanda kama 5A-FE, sili za kemshafti na krenki zikivuja hulowanisha mkanda wa taiming, na mkanda uliolowa oili hauaminiki tena. Hapo badilisha sili zote na mkanda kwa pamoja wakati umefunguliwa.

Kava la cheni na sampu za 1NZ-FE hazina gasketi ya raba. Zimebandikwa kwa silikoni maalumu kutoka kiwandani. Kuzifungua ni kazi ya gereji yenye nafasi na usafi. Sili ya nyuma ya krenki inahitaji giaboksi kushushwa. Ukipeleka gari kwa kazi hiyo, na lako ni la manyuwali, agiza klachi ikaguliwe hapohapo, maana njia ya kuifikia ni hiyo hiyo.

Kwa uvujaji wa chini ambao ni unyevu tu, usiodondoka na usiopunguza kipimo kwenye stiki kati ya sevisi moja na nyingine, ushauri wangu ni kuuacha. Ufute, uuangalie kila mwezi, na subiri siku giaboksi au taiming itakapofunguliwa kwa sababu nyingine.

Dawa za chupa na oili nzito

Dawa za kuzuia uvujaji hufanya raba zivimbe kidogo. Kwenye raba iliyokauka zinaweza kupunguza matone kwa muda, hazirudishi raba iliyopasuka, na hazifanyi lolote kwenye maungio ya silikoni. Kumimina oili nzito ya 20W-50 kwenye 1NZ-FE, injini iliyotengenezewa oili nyepesi kama 5W-30, kunachelewesha oili kufika juu unapowasha asubuhi na kunaipa VVT-i shida, kwa kuwa mfumo huo unaendeshwa na presha ya oili yenyewe. Uvujaji utapungua kidogo na injini italipa gharama.

Baada ya kumaliza

Washa injini, iache kwenye sailensa kwa dakika kumi huku ukimulika kila ulipogusa. Utasikia harufu na kuona moshi mwepesi wa oili ya zamani iliyobaki kwenye ekzosi. Huisha baada ya safari moja au mbili. Ukiendelea zaidi ya hapo, fungua boneti uangalie upya. Tandika tena boksi la karatasi usiku huo, na kagua ukingo wa kava baada ya kilomita mia moja. Usikaze tena boliti za tapeti kava eti kwa sababu zimepata joto. Kama umezikaza kwa kipimo, ziache.

Oili uliyomwaga weka kwenye dumu lenye kifuniko na uipeleke gereji au sheli inayokusanya oili chafu. Isimwagwe mtaroni wala kwenye udongo karibu na kisima. Wengi wetu tumekua tukiona mbao zikipakwa oili chafu dhidi ya mchwa. Ina kemikali zinazodhuru ngozi na kuingia kwenye udongo, kwa hiyo hasa zizi la mifugo na uzio wa bustani ya mboga visipakwe. Osha mikono kwa sabuni, si kwa petroli, na andika kwenye daftari la gari tarehe, kilomita zilizosomeka, na raba uliyobadilisha, ili uvujaji ukirudi ujue kama ni palepale au ni mahali papya.